Tripu ya historia Kongwa na Mpwapwa: mzee wa kule nyota tano, waandaaji wa mjini nyota mbili

Wale mnaoulizia hizi tripu za wikiendi zinazotoka Dodoma mjini kwenda Kongwa na Mpwapwa, mi nshaenda. Elfu hamsini kwa kichwa, usafiri Noah, maji chupa moja, chakula unajitegemea. Bei sio mbaya ila waandaaji bado sana.

Tuliambiwa saa kumi na mbili asubuhi, gari ikatokea saa mbili kasoro na hakuna hata samahani, halafu kijana wao njia nzima anatupigia stori ya tembo aliyedidimia kwenye kijito eti ndo jina la Dodoma likaanzia hapo, jamani hiyo si tumekua nayo. Tunapita Chamwino, pale Mwalimu mwenyewe alifyatua matofali na wanakijiji enzi za ujamaa, yeye kimya anachati.

Kongwa ndo akapanda mzee mmoja mwenyeji na hapo nikaona hela yangu imeanza kufanya kazi. Stori ya karanga za Mwingereza, ule mradi wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga mashamba makubwa Kongwa, wengi tunaijua juujuu, kwamba walianza 1947 na matrekta mengine yalitengenezwa kutoka vifaru vya vita, wakafunga 1951 wakiwa wameteketeza kama pauni milioni 36. Ila kwa nini zilikataa? Mzee akaokota bonge la udongo mwekundu kando ya njia, akalimwagia maji, akalikanda vizuri akaliacha juu ya boneti juani, sisi tukaenda kuzunguka. Tunarudi limekauka kama kigae, akasema haya sasa ng'oeni karanga humo! Mvua yenyewe haba, na mizizi ya pori ilikuwa inavunja majembe ya matrekta, yaani wangeuliza tu Wagogo kabla.

Kambi ya wapigania uhuru ya miaka ya 60 tuliipitia fasta, FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia wote walikaa Kongwa, na Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, aliwahi kuwa mkubwa wa mafunzo pale.

Mpwapwa sasa. Mzee anasema jina lenyewe ni Mhamvwa, wageni ndo wakalipinda, na misafara ya kutoka pwani ilikuwa inapumzika hapo kwa sababu ya maji, maana mbele yao kuna Marenga Mkali, nyika kavu ambayo hata Stanley, yule mpelelezi wa Kizungu, 1871 aliilalamikia, na ukishaivuka unakutana na watemi wa Ugogo wanadai hongo ndo upite na uchote maji. Enzi hizo hongo ni ushuru halali kabisa, sijui leo tuseme nini 😂. Ndo kwanza anaingia kwa Bushiri, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, na namna kituo cha Wajerumani kilivyovamiwa 1889, kijana wa mjini anagonga saa, turudi turudi. Mpwapwa tumekaa chini ya saa nzima, nusu yake tunasubiri ugali wa uwele na mlenda (mtamu lakini, sibishi).

Ushauri wangu, mkiwa watu wanne watano kodini gari wenyewe, mkate kona ya Mbande kwenye barabara ya Morogoro, mnyooke moja kwa moja mpaka Mpwapwa asubuhi, Kongwa muifanye mkirudi, na mwenyeji mtafute hukohuko kupitia ofisi ya kijiji. Mkilazimika kwenda na hawa wa mjini, muda wa Mpwapwa kubalianeni kabla hamjatoa hela.