Kozi ya tropiki Moshi na Kampala, madaktari iendeeni

Jamani hii diploma ya magonjwa ya tropiki (nchi za joto) ya London School, chuo cha afya cha London, ile tuliyosomea hospitali ya KCMC Moshi na Chuo Kikuu cha Makerere Kampala, miezi 3, ni kozi ya maana kweli. Madaktari wa huku na wale wa Ulaya na Marekani mnakaa meza moja. Mi nilipenda sana maabara, slaidi ya damu inakaa kwenye rangi ya Giemsa 10% dakika 10, tone nene la damu linakuonyesha kama vimelea vya malaria vipo, lile jembamba ndo linakwambia ni aina gani, na unahesabu mwenyewe kwenye hadubini. Ukirudi wilayani hakuna CT scan, unapapasa wengu, unamuuliza mgonjwa anavua samaki wapi, tayari unawaza kichocho, maana kinapatikana majini. Ruhusa kazini tu ndo ngumu, ombeni mapema.