Utabiri wa Shabiki wa Duke: Mapenzi Mengi, Uchambuzi wa Upande Mmoja

Huduma hii ya utabiri wa mpira wa kikapu, inayotumwa kwa barua pepe, huandikwa na shabiki wa Duke, chuo kikuu cha Marekani cha ligi ya ACC, asiyeficha upande wake, na kwa hilo namheshimu. Hata hivyo, mwamba ngoma huvutia kwake. Kabla ya mechi za mwaka 2024 kati ya vyuo vikuu vya Marekani vya ligi za ACC na SEC, aliipa ACC ushindi mnono, akiegemea sare ya 7-7 ya mwaka 2023 na enzi za 1999 hadi 2008, ACC ilipoishinda Big Ten, ligi nyingine ya vyuo, kila mwaka. SEC ilishinda mechi 14, ACC 2.

Anapong'ara ni Cameron Indoor, ukumbi wa nyumbani wa Duke. Alieleza kwa makini jinsi ukumbi huo wa watu 9,314, ambamo wanafunzi husimama karibu kabisa na mstari wa uwanja, unavyomvuruga mgeni anayerusha mpira kutoka pembeni, na kweli Duke iliifunga Auburn ya SEC 84-78. Ujuzi wa namna hiyo huupati kwa mchambuzi anayesoma takwimu peke yake.

Akishavuka kwenda Tennessee au Alabama za SEC, uchambuzi unakauka: hasemi nani anadaka mipira inayorudi ubaoni, wala nani amesajiliwa kutoka chuo kingine. Kinachosikitisha zaidi, Clemson ya ACC ilipoilaza Kentucky ya SEC 70-66, yeye hakuwa ameipa hata aya moja. Mpenzi wa Duke alipie bila wasiwasi. Anayetafuta mkeka wa kuaminika ajumlishe chanzo cha upande wa SEC.