Madirisha mapya ya nyumba kuukuu ya shamba: alumini, chuma na mtiki

Nyumba tuliyorithi shambani, nje kidogo ya mji wa Lushoto, ilijengwa wakati mji wenyewe ungali ukiitwa Wilhelmstal, kabla Wajerumani hawajaondoka katika milima ya Usambara. Kuta zake ni za mawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene wake unakaribia nusu mita, na katika madirisha yake 11 hutapata mawili yaliyolingana vipimo. Jambo hili la mwisho ndilo lililoamua karibu kila kitu katika ununuzi ninaoueleza hapa, ingawa nilipoanza kuulizia bei sikuwa nimelipa uzito wowote.

Nilianza na alumini, kama wafanyavyo wengi siku hizi, kwa sababu bei ilikuwa nafuu na muuzaji aliahidi kumaliza kazi ndani ya wiki moja. Bahati nzuri niliagiza mawili tu ya majaribio, la jikoni na la chumba cha kulala cha upande wa mashariki. La jikoni sina la kulilaumu: halishiki mafuta, linafutika kwa kitambaa, na mvuke wa masufuria haulidhuru. La chumbani ni habari nyingine. Uwazi wake ukutani ulikuwa mpana juu kuliko chini kwa takriban sentimita mbili, na kwa kuwa fremu ya alumini hukatwa mraba karakanani wala haiwezi kurandwa pale ukutani, mafundi walilijaza pengo lililobaki kwa silikoni nene kama kidole gumba. Ukiitazama kutoka mlangoni haionekani. Ukisogea karibu huoni kingine. Tena, dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu ya upana wake, na asubuhi za Julai, ukungu unapotanda bondeni, fremu hutokwa jasho kwa ndani, kwa maana alumini hupoa upesi na pumzi za waliolala hugeuka matone juu yake. Tumezoea kuweka taulo pale chini kila usiku wa baridi, jambo ambalo muuzaji hakulitaja.

Madirisha mawili ya barazani yalikuwa ya chuma, na huyo huyo muuzaji aliyaita chakavu na kujitolea kuyabeba bure, ukarimu ulionitia shaka. Fundi wa kuchomelea alipoyakagua alikuta kutu imekula upande wa chini tu, mahali maji yanapotuama. Alikikata kipande hicho, akachomelea kipya cha umbo lile lile, akapaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya ile ya mafuta. Vioo viwili vilikuwa vimepasuka kwa sababu kutu huvimba na kukisukuma kioo kutoka pembeni, lakini vilivyobaki vilitolewa salama, puti ya zamani ikibanduliwa kwa patasi kidogo kidogo kwa siku mbili. Vina mawimbi ambayo kioo cha leo hakina, na ukipita barazani mikaratusi ya nje huonekana ikicheza. Kazi hii ndiyo iliyonigharimu kidogo kuliko zote.

Kwa madirisha saba yaliyosalia nilikwenda kwa seremala. Nilitamani mninga, bei ikanishinda, nikaridhika na mtiki wa shamba la miti la Longuza kule Muheza, mbao yenye mafuta yake ya asili, inayovumilia mvua na isiyopendwa sana na mchwa. Kilichonivutia kwa seremala huyu ni upimaji wake. Hakuishia kuandika urefu na upana. Alikata playwudi nyembamba kwa umbo la kila uwazi, akaisimamisha ukutani, akachora kwa penseli kila mahali jiwe lilipotokeza, kisha akaandika jina la chumba. Fremu zilipoletwa ziliingia kwa kugongwa kidogo tu, na ufa uliobaki ukazibwa kwa chokaa na mchanga. Saruji aliikataa, akieleza kwamba hufungia maji ndani ya ukuta wa aina hii, na unyevu huo huishia kwenye mbao. Chini ya kila kizingiti alichimba mfereji mwembamba ili maji ya mvua yadondoke kabla ya kuufikia ukuta, na masika yote yakapita bila doa hata moja chini ya madirisha yake.

Hata hivyo sitamtaja jina, kwa sababu kazi yake ina dosari mbili. Alichelewa wiki tano, na madirisha mawili kati ya yale saba aliyatengeneza kwa mbao ambazo hazikuwa zimekauka. Zilipoanza kukauka ukutani zilijipinda, hata ubawa wa dirisha la sebuleni ukifungwa chini, kona ya juu huachia nafasi ya kupitisha kalamu. Ningalitembelea karakana yake kabla ya kulipa, ningaliona kwamba mbao zililazwa moja juu ya nyingine bila vijiti vya kupitisha hewa katikati. Alipokuja kuona alitaka kurekebisha kwa randa. Nikakataa, kwani mbao iliyojipinda hainyooshwi kwa kupunguzwa. Amekubali kuziunda upya mbawa za madirisha hayo mawili kwa mbao kavu, na sehemu ya mwisho ya malipo yake nimeizuia hadi zitakapofungwa.