Lenzi ya mara 10 mbele ya Plantago patagonica

Ukitaka lenzi ya mkono ya kutambulia mimea midogo, chukua ya kukuza mara 10 yenye vioo vitatu vilivyounganishwa kwa gundi, kipenyo milimita 18 au zaidi. Tumeijaribu kwa mmea unaoziumbua lenzi mbovu: Plantago patagonica wa nyika kavu za Marekani. (Ni ndugu wa Plantago ovata, unaotoa isabgol, yaani maganda ya mbegu yanayotumika kulainisha choo.) Mara nyingi una sentimita 5 hadi 20 tu, majani membamba yameota shinani, na kuanzia jani hadi suke umejaa sufu ya kijivu. Ukiupitia haraka utadhani pamba imechomekwa kijitini.

Sufu peke yake haitoshi. Tazama brakti, yaani jani dogo lililo chini ya kila ua. Kwa P. aristata, ndugu mwingine, zimechomoza nje ya suke kama sindano, hazihitaji lenzi. Utata uko kwa P. ovata: nayo ina vinyweleo, ila brakti zake ni pana na kingo zake ni utando mwangavu. Za patagonica ni nyembamba, kwa kawaida zimezama kwenye sufu.

Hapo ndipo lenzi rahisi zilizoandikwa “30x” zinapokwama. Pembeni picha inavurugika, kila unywele mweupe unapata ukingo wa zambarau, na ule utando hauonekani tena. Nyingi hata hiyo mara 30 hazifikishi. Pima hivi: simama chini ya taa ya dari, shusha lenzi juu ya karatasi mpaka umbo la taa likae wazi. Umbali wa takriban milimita 25 kati ya lenzi na karatasi ni mara 10. Mara 30 ya kweli ingekuwa kama milimita 8.

Shika lenzi karibu na jicho, kisha sogeza mmea, si lenzi. Kasoro ya mara 10 ni kina kifupi cha picha: suke ni la mviringo, utaona wazi upande mmoja tu. Chomoa ua moja kwa pini, lilaze juu ya karatasi nyeusi. Petali nne zenye urefu wa kama milimita 2 zitajitokeza. Usihangaike kulowesha mbegu kuona ute, P. ovata nayo inautoa.

Mchanga ndio adui wa kioo. Puliza kwanza, ndipo ufute. Skrubu ya mpini hulegea, kwa hiyo ifunge lenzi kamba.