Kisiwa cha Saanane kwa Matembezi ya Ukoo: Tathmini ya Familia Moja ya Mwanza

Mahali pa kwenda na ukoo mzima hapapimwi kwa uzuri wa mandhari peke yake. Hupimwa pia kwa namna panavyoweza kumweka bibi mwenye magoti yanayouma na mjukuu anayejifunza kutembea katika eneo moja, kwa saa kadhaa, bila mmoja wao kuwa mzigo kwa wengine. Kwa kipimo hicho, na baada ya kutembea na ndugu, majirani na marafiki katika sehemu nyingi za kanda hii ya Ziwa Victoria, naiweka Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane mbele ya sehemu nyingine zote zilizo karibu na jiji la Mwanza. Tathmini hii nawaandikia wanaopanga safari ya kundi kubwa lenye watu wa rika zote, kwa kuwa mtu anayekwenda peke yake au na mwenzi wake atakuta mambo tofauti na yale ninayoyasema hapa.

Ubora wa kwanza wa Saanane ni udogo wake. Hifadhi nzima, pamoja na maji yanayoizunguka, ina ukubwa wa kilomita za mraba 2.18, na ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Wapo wanaoudharau udogo huo na kusema kwamba ni heri kukusanya michango mikubwa zaidi, kushika barabara ya Musoma na kuingia Serengeti kupitia lango la Ndabaka. Serengeti haina mfano, na kila mtoto wa Kitanzania anastahili kuiona. Hata hivyo, katika Serengeti ukoo hugawanywa katika magari, kila mmoja hukaa kwenye kiti chake tangu asubuhi hadi jioni, na haruhusiwi kushuka isipokuwa kwenye vituo maalumu. Watu wa gari la mbele humwona simba, wa gari la nyuma huambulia vumbi, na jioni kila gari lina hadithi yake. Saanane unatembea kwa miguu. Shangazi anatembea na mke wa mpwa wake ambaye hawajawahi kuzungumza kwa kirefu tangu harusi, na watoto wa kaka na wa dada wanajuana kwa majina kabla ya chakula cha mchana. Kwa sababu kisiwa kimezungukwa na maji pande zote, hakuna anayeweza kuaga mapema kwa kisingizio cha shughuli za mjini.

Kisiwa hiki kina historia ambayo wazee wa Mwanza wanaweza kuwasimulia vijana bila kusoma popote, na jambo hilo lina thamani kubwa katika matembezi ya familia. Jina lake linatokana na Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi hapo kabla ya Serikali kukichukua kisiwa na kukifanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Ilikuwa bustani ya kwanza ya wanyama kumilikiwa na Serikali nchini, na ilikuwa na kazi mbili: kuwapa wakazi wa Mwanza mahali pa kujifunza na kupumzika, na kuwa kituo cha wanyama waliokuwa wakihamishiwa kisiwa cha Rubondo, ambacho nacho kilikuja kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Saanane yenyewe ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Mama mkubwa wetu aliletwa hapa akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, enzi za bustani ile, na alipokuwa akiwasimulia wajukuu kuhusu nyati na pundamilia aliowaona, mmoja wao alimuuliza, "Bibi, nyati alipandaje mashua?" Akamjibu, "Hilo muulize mwenyeji wetu, mjukuu wangu. Mimi nilimkuta keshafika." Mhifadhi aliyekuwa akituongoza alisimama akaanza kueleza jinsi wanyama wanavyosafirishwa, na watoto ambao dakika chache kabla walikuwa wakikimbizana walikaa chini kumsikiliza.

Safari huanzia Capri Point, kwenye ofisi za hifadhi zilizo kando ya maji, umbali ambao bajaji kutoka katikati ya jiji huumaliza kwa muda mfupi. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo kupitia simu au benki, hivyo kundi kubwa lichague mtu mmoja wa kukusanya michango na kulipa mapema. Kila familia ikitaka kujilipia papo hapo, asubuhi yote huishia getini. Watoto wenye umri wa chini ya miaka 5 hawalipi, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi kiasi kilicho chini sana ya kile cha wageni kutoka nje, ili mradi wawe na kitambulisho. Wazee wakumbushwe vitambulisho vyao tangu usiku wa kuamkia safari.

Kisha kuna mashua. Kuvuka huchukua dakika chache tu, lakini dakika hizo zina uzito wake kwa watu wa Mwanza. Hapa kwetu familia nyingi zilipoteza watu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na wengine wakarudishiwa majonzi yale MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara mwaka 2018. Kwa hiyo mama anapokataa kupanda chombo cha majini asichekwe wala asishurutishwe mbele ya watoto. Sisi tulimweka mama mkwe katikati ya mashua, mjomba ambaye ni mvuvi akakaa ubavuni pake, na kila mmoja akavaa jaketi okozi na kulifunga kabla ya injini kuwashwa. Kabla ya kupanda, hakikisheni kwamba jaketi la mtoto linamtosha, kwa sababu la mtu mzima humtoka kichwani akiingia majini.

Saa ya kuvuka ni jambo la kuzingatia zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Asubuhi ziwa huwa limetulia. Jua linapopanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani, na mawimbi huongezeka kuelekea alasiri. Safari moja mwenye gari la kukodi tuliyepatana naye, na ambaye jina lake halina haja ya kutajwa, alifika akiwa amechelewa sana, tukavuka wakati maji yamekwisha kuchafuka. Hatari haikuwapo, lakini shangazi alishika kingo za mashua hadi tukatia nanga na hakufurahia nusu ya kwanza ya siku. Tangu hapo tunapanga kuwa ng'ambo kabla ya saa tatu asubuhi, na kila familia hujitegemea kwa usafiri hadi Capri Point.

Mkifika kisiwani, msitegemee wanyama wakubwa wa kutisha. Mtawaona swala pala wakila majani karibu na njia, tumbili wakiwachungulia kutoka matawini, na pimbi wakiota jua juu ya miamba. Watoto wetu waliambiwa kwamba pimbi ni miongoni mwa jamaa wa karibu wa tembo, wakabishana jambo hilo hadi tuliporudi nyumbani. Ila kiumbe aliyewavutia kuliko wote ni mjusi wa miambani ambaye dume lake lina kichwa na kifua chenye rangi ya waridi iliyokolea, na mwili wa buluu. Wataalamu humwita Agama mwanzae. Watoto waliozaliwa Igogo na Bugarika, humu jijini Mwanza, wamemwona mjusi huyo kwenye miamba ya nyumbani kwao tangu wakiwa wachanga, wakamrushia mawe, na ni kisiwani ambapo kwa mara ya kwanza walimwona mtu mzima akimweleza kwa heshima. Kwa watu wazima wenye subira kuna ndege: furukombe, mnandi, mdiria na yangeyange. Chukueni darubini ikiwa kuna mwenye nayo katika ukoo.

Miamba ya matale ndiyo fahari ya kisiwa na ndiyo ugumu wake. Vijana watataka kupanda hadi juu, na wana haki, kwa sababu kutoka huko unaliona jiji na vilima vyake, nyumba zikiwa zimekaa juu ya mawe kama kuku waliolala kwenye vichanja, na upande wa pili ziwa likienea hadi macho yachoke. Lakini njia za kupanda zina miinuko ambayo mtu mwenye matatizo ya magoti au ya presha hapaswi kuijaribu, na mwenye kiti cha magurudumu hataweza kufika mbali. Ushauri wangu ni kwamba kundi ligawanyike kwa muda usiozidi saa moja: vijana wapande na mhifadhi, wazee wabaki kivulini chini karibu na maji pamoja na watoto wachanga, na wawepo watu wazima wawili watakaobaki nao kwa hiari, si kwa kuamriwa. Muda huo wa wazee kubaki peke yao, wakiwa hawana sufuria la kukoroga wala mgeni wa kumpokea, umezaa mazungumzo ambayo kwenye misiba na harusi hayapati nafasi.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo wote: watoto wasiingie majini. Wengi hudhani tahadhari hiyo inahusu mamba pekee, na kweli mamba wapo katika maji ya kisiwa. Lakini kwenye maji ya kina kifupi yenye majani kando ya ziwa letu huishi konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya kwenye ngozi ya mtu aliyeingiza hata miguu tu. Mwanza ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika sana na ugonjwa huo. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na inafanya kazi vizuri, ila haimzuii mtoto kuambukizwa upya akirudi majini. Bebeni dumu la maji ya bomba la kunawia mikono, na mpeni mtu mzima mmoja kazi ya kuwaangalia watoto upande wa ufukweni, kwa zamu.

Kuhusu chakula, kundi kubwa lijitegemee. Sisi hupika pilau alfajiri na kuitia kwenye hotpoti, tukakaanga sato vipande vipande, na kubeba matobolwa na karanga kwa ajili ya wazee, ambao huona siku haijakamilika bila viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa kama walivyozoea Usukumani. Vinywaji vikae kwenye deli lenye barafu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo fungasheni kwenye vikapu na ndoo zenye mifuniko, ambazo pia zitawaokoa na tumbili. Tumbili wa kisiwani wanajua kabisa saa ya chakula. Msiwalishe, hata kama mtoto analia kwa huruma, kwa sababu mnyama aliyezoea kupokea ndizi kutoka mkononi hatimaye huipokonya, na mtoto mwingine ndiye atakayeng'atwa. Takataka zote zirudi nanyi kwenye mashua.

Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, ndugu zetu wa Sengerema wamekuwa wakihudhuria matembezi haya bila kulala Mwanza. Zamani walilazimika kusubiri kivuko, na yeyote aliyewahi kukaa foleni pale Busisi anajua kwamba hakuna aliyeweza kuahidi kufika saa tatu asubuhi. Sasa wanaondoka alfajiri na jioni wanalala kwao. Kwa maoni yangu jambo hilo limeifanya Saanane iwe mahali pa kukutania kwa ukoo uliotawanyika pande zote mbili za Ghuba ya Mwanza, na familia zenye ndugu Geita na Sengerema zilifikirie kwa uzito.

Ikiwa wageni wenu wanapenda ngoma na simulizi kuliko wanyama, au ikiwa wazee hawawezi kabisa kupanda mashua, nendeni Bujora, karibu na Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Mwezi Juni, wakati wa tamasha la Bulabo, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza, na hapo hata bibi aliyekuwa akilalamikia magoti husimama. Hata hivyo, Bujora wakati wa Bulabo huwa na umati mkubwa, na watoto wadogo hupotea kirahisi. Sisi huwapeleka walio wakubwa tu.

Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo bora kwa Saanane kwa sababu mvua ni chache na shule huwa na likizo ndani ya kipindi hicho. Sikukuu za Idd na siku za baada ya Krismasi kisiwa hupokea watu wengi, hivyo kundi linalozidi ukubwa wa mashua moja liwasiliane na ofisi ya hifadhi siku kadhaa kabla na kukubaliana si saa ya kuvuka tu, bali pia saa ya kurudishwa, na wazee pamoja na wenye watoto wachanga wapangwe kwenye mashua ya kwanza katika safari zote mbili. Wenye ndugu wanaokuja kwa meli ya usiku kutoka Bukoba wasiwapeleke kisiwani asubuhi ileile wanaposhuka. Wapewe siku moja ya kulala.