Sanduku la posta Tanga mjini: kitasa, rejista na kifungu cha 267

Kwa mtu wa Tanga anayesubiri cheti, kadi ya benki au hati ya kiwanja, sanduku la posta bado ni huduma ya kulipia. Tunaipa nyota nne kati ya tano. Ile moja tumeikata kwa sababu ya masanduku yanayotumiwa na watu wengi, na hapo tutakaa zaidi.

Kulipata hakuna mzunguko: kitambulisho, fomu, ada ya mwaka, unapewa namba na ufunguo. Kabla ya kutia saini, jaribu kitasa pale pale. Ufunguo uzunguke bila kulazimishwa, mlango ukifungwa usiache upenyo, bawaba zisicheze. Mhudumu hupanga barua kutokea chumba cha ndani, kwa hiyo upande wa nje unalindwa na kile kitasa kidogo tu. Sanduku likiwa limewahi kuwa la mtu mwingine, omba kitasa kibadilishwe hata kama utakilipia. Funguo za zamani hazirudi zote, na fundi funguo hamuulizi mteja sanduku ni la nani.

Sasa kasoro yenyewe. S.L.P. moja ya shule, msikiti au kampuni hubeba barua za nusu mtaa. Barua inatoka sandukuni salama, tarishi anaileta, inalazwa juu ya meza ya mapokezi, na kuanzia hapo hakuna anayetia saini. Bahasha ya benki ndiyo inayotamaniwa: mtu anaipapasa, akisikia kadi ngumu ndani, keshajua. Ofisi yenye nia njema iweke daftari: tarehe, jina la mwenye barua, saini ya aliyechukua. Nawe andikisha jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, kisha jina la ofisi, S.L.P., Tanga, na postikodi. Postikodi ina tarakimu 5. Za Mkoa wa Tanga zinaanza na 21, za Pwani 61. Ukikosea hapo, barua ya Ngamiani inaweza kuzungushwa hadi Bagamoyo.

Kitu usichoweza kukipata tena kirahisi, usikitume kwa stempu ya kawaida. Lipia rejista, yaani barua inayosajiliwa na kutiwa saini, au EMS, huduma ya posta ya haraka. Namba yake ina herufi 2, tarakimu 9, kisha TZ. Herufi ya kwanza ikiwa R ni rejista, E ni EMS, C ni kifurushi. Tarakimu ya tisa hukokotolewa kutokana na zile nane za mbele, hivyo namba ya kubuni mara nyingi hujulikana. Ukiletewa ujumbe wa simu kwamba mzigo umefika na utume pesa ya ushuru, dai namba hiyo na uihakiki kaunta kabla ya kutoa hata shilingi. Noti usiziweke ndani ya barua kabisa.

Siku ya kuchukua, kagua kwanza, saini baadaye. Tazama gundi mpya juu ya ya zamani, utepe uliobandikwa mara mbili, uzito usiolingana na stakabadhi. Ukiona lolote, kifunguliwe mbele ya mhudumu na iandikwe. Ukishasaini kwamba umepokea salama, kudai ni kazi ngumu.

Sheria haina mzaha hapa, na ni vizuri hivyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaweka wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 265, kifungo hadi miaka 7. Kilichoibwa kikiwa ni kitu cha posta, au pesa na mali iliyokuwa ndani yake, kinahusika kifungu cha 267 na kifungo kinafika miaka 10. Mwajiriwa anayemwibia mwajiri wake ana kifungu chake, 271, na mtumishi wa umma 270. Anayepokea mali akijua ni ya wizi anashitakiwa kwa kifungu cha 311. Mzigo uliopakiwa kwenye basi stendi ya Kange si wa posta. Huo huangukia wizi wa mali iliyo safarini, kifungu cha 269. Na anayefungua barua ya mwenzie asome tu, bila kuchukua kitu, anaingilia faragha ya mawasiliano inayolindwa na Ibara ya 16 ya Katiba.

Barua ikipotea, anzia kaunta na stakabadhi mkononi, ujaze fomu ya malalamiko. Kwa vitu vya kimataifa ulizo hupokelewa ndani ya miezi 6 tangu kutumwa. EMS ni miezi 4, na wengi huchelewa wakimsubiri mtumaji aulize. Ukiwa na dalili ya wizi, nenda polisi ufungue jalada, upewe RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni. Kama ni kadi, ifungie benki kwanza, polisi baadaye. Posta wasipokujibu, peleka lalamiko TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, pamoja na nakala ya ulichowaandikia. Mahakamani itabidi ithibitike kwamba kitu kilitumwa kweli na mwenyewe ni nani, kwa hiyo bahasha iliyochanwa usiitupe: ishike pembeni, itie kwenye mfuko safi, uikabidhi kituoni pamoja na stakabadhi.