Jioni ya Mwanga Uliopunguzwa Kasi, Ganjoni

Jumamosi iliyopita nililipa shilingi 300 kuhudhuria onyesho la sayansi katika ukumbi mmoja wa Ganjoni, Mombasa, na ninawashauri wazazi wawapeleke watoto wao wa sekondari, ingawa sehemu moja inahitaji kurekebishwa.

Kilele kilikuwa maelezo ya jaribio la mwaka 1999, ambapo mwanafizikia wa Denmark, Lene Hau, na wenzake walipitisha mpigo wa mwanga, yaani mmweko mfupi mno, katika wingu la atomu za sodiamu lililopozwa karibu kabisa na sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho iwezekanayo, na mwanga unaokimbia kilomita 299,792 kwa sekunde katika ombwe, mahali pasipo hata hewa, ukapungua hadi mita 17 kwa sekunde. Mhadhiri alitukokotolea kwamba hizo ni kama kilomita 61 kwa saa, mwendo ambao matatu huufikia kwenye daraja la Nyali, na ukumbi mzima ukanyamaza. Alieleza vizuri pia kwamba mpigo hujibana unapoingia katika wingu, kwa kuwa sehemu yake ya mbele hupunguza mwendo huku ya nyuma ikiendelea kuja kwa kasi.

Dosari ilikuwa katika filamu ya mwanga ukipita ndani ya chupa ya maji, iliyotangazwa mwaka 2011 na MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani. Tuliambiwa kwamba kamera ilifuata mpigo mmoja, ilhali picha zile ziliunganishwa kutokana na mipigo mingi mno ya leza iliyorudiwarudiwa, na mwanga wenyewe haukupunguzwa kama ule wa Hau, kwani maji huushusha hadi takriban robo tatu tu ya kasi yake. Mtoto anayeipenda fizikia anastahili kuelezwa hilo. Fikeni mapema, kwani viti vya nyuma havioni skrini vyema.